Kole mbili: mashine tatu za tuyo za breki na pedali iliyokwenda chini

Wakuu, heshima kwenu wote, mliokula chumvi nyingi humu na mliojiunga juzi.

Nawaandikia kutoka Kisangani, huku Congo, commune ya Kabondo. Kiswahili changu kina Kifaransa ndani yake na Kilingala kidogo, mtanivumilia. Haya yote yamenipata mimi mwenyewe, na zile sehemu zinazonitia aibu sijazikata.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke hadi chini, ila asije kuniuliza kitu nilichokwisha kueleza katikati, maana mimi ni mwalimu na hiyo tabia naijua.

Nafundisha fizikia. Naishi peke yangu. Mke wangu alirudi kwao Kindu miaka mingi imepita, hiyo si mada ya leo. Watoto wangu wawili wako Kinshasa, wananipigia simu Jumapili, na Jumapili nyingine wanasahau.

Nina gari moja, pikapu ya zamani ya Kifaransa, ile ya kufunika turubai nyuma, hapa tunaiita bâchée. Ilikuwa ya papa yangu. Alitoka Maniema akaja kuwa karani kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, na alipofariki akaniachia hilo gari likiwa limelala juu ya matofali.

Mtu wa kuliamsha alikuwa Tonton Bolamba; tonton kwetu ni kama kusema mjomba.

Tonton alikuwa fundi wa magari, mtu wa mto, kijiji chao kiko karibu na Yangambi. Mwanzo nilimwita kama fundi wa kulipwa. Baada ya miezi michache akaacha kuniambia bei, nami nikaacha kuuliza. Kila Jumamosi baada ya chai alikuja na baiskeli, tunafanya kazi hadi jua linapoinama. Tulienda hivyo kwa miaka sita.

Nisiwadanganye, kazi ilikuwa yake. Mimi nilikuwa namulika na tochi ya simu, nashika spana, na nakanyaga pedali.

Wanaojua breki za zamani wanaelewa hapo. Ukishafunga tuyo mpya, yaani mabomba ya mafuta ya breki, lazima utoe hewa iliyobaki ndani, sisi tunasema kupurje. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja yuko chini ya gari anafungua kiskurubu cha silinda, mwingine yuko kwenye kiti anakanyaga. Tonton akiwa chini anasema, "Pompa." Napompa. Anasema, "Shika." Nakanyaga na kushikilia, najibu, "Nashika, tonton." Anafungua, hewa inatoka, anafunga. Tunaanza tena.

Nilikuwa naichukia ile kazi. Mguu unauma, na mara nyingi nilikuwa na makaratasi ya mtihani mapajani nasahihisha huku nashika.

Bon. Mwaka jana, injini ikiwa tayari na umeme tayari, zimebaki breki tu, Tonton akaugua kifua. Wiki mbili hazikuisha, akaondoka.

Familia wakataka azikwe kijijini. Kutoka hapa hadi kule kuna barabara, mbaya lakini ipo, na katikati unavuka mto Lindi kwa pontoni, kivuko cha kubeba magari. Gari letu lingeweza kumbeba. Halikuwa na breki. Akaenda kwa mto, ndani ya baleinière, lile boti la mbao la mizigo, jeneza likiwa katikati ya magunia ya watu. Mimi nilikaa karibu na jeneza, na kusema kweli nililia njia nzima bila kujificha.

Pale kaburini, mbele ya ukoo wote, nikamwambia mjane wake, "Mama Régine, siku ya kutoa matanga mimi nitakuleta hapa. Nitakuleta na gari lake."

Hakuna aliyeniomba kusema hivyo. Kinywa kilisema chenyewe.

Mama Régine akashika neno. Familia ilipopanga siku ya yeye kuvua nguo nyeusi, wakamwekea nafasi kwenye baleinière, akakataa. Akawaambia anakuja na gari la Prof. Prof ndiyo mimi.

Kwa hiyo wakuu, deni la maneno lilikuwa juu yangu. Na njia ya kwenda huko, kabla ya pontoni ya Lindi, inateremka moja kwa moja hadi majini. Pale gari lisiposhika breki, unaingia mtoni na mama wa watu pembeni yako. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo.

Sasa tuje kwenye mashine.

Tuyo ya breki ni nyembamba, unene wa kalamu. Mwisho wake lazima upanuliwe uwe na mdomo, ili nati ikikaza ule mdomo ukae vizuri na mafuta yasipite. Huo mdomo Wafaransa wanauita collet, sisi tumefanya kole. Mashine ya kutengeneza huo mdomo ndiyo tunaita mashine ya kole. Nyinyi wa Dar na Nairobi mnasema flaring tool.

Tonton alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila alipogusa tuyo: "Prof, frein inataka kole mbili. Kole moya iko ya frigo."

Frein ni breki, frigo ni friji. Nimeisikia labda mara mia. Na nilielewa, au nilijiona nimeelewa. Tuyo ina ncha mbili. Ukitengeneza mdomo ncha moja tu, ncha ya pili utafunga na nini? Kwa hiyo kole mbili, moja huku, moja kule. Nilikuwa natikisa kichwa, natazama saa, naendelea na makaratasi yangu.

Mashine ya Tonton yenyewe nilijua imekwenda. Kwetu mtu akifa, ndugu zake wanapita. Walipita wakabeba baiskeli, eto ya kubania vyuma, redio, hata viatu. Na rafiki akionekana pale anaulizia vyombo vya marehemu, wanasema huyo naye amekuja kugawana. Mimi si wa kabila lao, ni mtu wa Maniema. Nikaogopa maneno, nikakaa kwangu.

Tena si kwa mashine tu. Sikwenda kumsalimia Mama Régine hata mara moja tangu tulipotoka kuzika. Nyumba yake ni dakika kumi na tano kwa mguu. Nilijiambia nitakwenda gari likiwa tayari, niende na habari njema.

Mashine ya kwanza nikaazima kwa jirani anayetengeneza frigo. Ubao wa chuma wenye mashimo ya saizi tofauti, unabana tuyo kwenye shimo, halafu kuna skrubu yenye koni, unakaza, koni inapanua mdomo. Rahisi mno. Nikaharibu vipande vitatu kwa kusahau kuingiza nati kabla ya kupanua mdomo. Waliofanya hii kazi wanacheka sasa hivi, nawaona.

Nikafunga tuyo zote. Ikabaki kupurje, na mtu wa kushika pedali hayupo.

Nikakata mti, nikaupima uingie kati ya kiti na pedali. Nakanyaga, nabana mti, natambaa chini ya gari, nafungua, nafunga, natoka, natoa mti, nakanyaga tena. Mchana mzima. Mara moja nikiwa chini nikasema "shika" kwa sauti, kwa mazoea. Nikaona sina hata hamu ya kutoka.

Jumamosi iliyofuata nikalitoa barabarani. Mbele ya nyumba kuna kamteremko, si kitu. Breki ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika kidogo. Ya tatu pedali ikaenda chini hadi sakafuni, na mbele yangu kuna toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na mama amekaa nyuma na beseni lake la pondu, majani ya muhogo, kichwani.

Nikakata usukani. Nikasimama ndani ya rundo la matofali ya jirani.

Hakuna aliyeumia. Yule dereva wa toleka akashuka, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Papa, umri yako na michezo hii habiende pamoja." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Nikaangalia chini. Mafuta yametoka kwenye kole, na ncha moja mdomo wake umepasuka.

Hapo ndipo nikaja humu kuwaomba msaada, wengine mnakumbuka. Mkaniuliza, na mliuliza vizuri, "Mkuu unafanya single au double?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Double, bila shaka. Kole mbili, kila tuyo."

Mkaniamini. Nani asingemwamini mwalimu wa fizikia? Mkasema basi mashine yako ni mbovu, tafuta nyingine.

Nikaingia kwenye kuchagua. Wiki tatu wakuu, nikitoka shule nakula, halafu naangalia video za wanaume wa nchi za mbali wanapanua tuyo kwenye gereji safi. Nilifika kuwajua sauti. Mmoja ana mbwa anayepita pita nyuma yake, nikawa namngoja yule mbwa. Ndiyo ilikuwa kampani yangu.

Niliyojifunza nawapa bure. Ile ya hydraulic, ya kupompa na mkono, ni nzuri kuliko zote na inaweza kufanya kazi ukiwa chini ya gari, ila hapa haipo. Niliagiza moja Kampala kwa mfanyabiashara anayepita Bunia, hadi leo naambiwa iko njiani. Ile ya kufunga kwenye eto inatoa mdomo sawasawa kila mara, lakini lazima tuyo iwe mezani, na mimi eto sina. Ikabaki ile ya ubao na skrubu, ya boksi, inayouzwa hapa sokoni.

Nikanunua hiyo. Ndani ya boksi, pembeni ya ubao, kulikuwa na vifungo vitano vya chuma, vidogo, kila kimoja kina kimsumari katikati. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina. Nikavitazama, nikasema hivi ni vipimo vya kujua tuyo ni saizi gani. Nikavirudisha kwenye boksi na nikafurahi kwamba wameweka vipimo.

Nikafanya kole zote upya, moja huku, moja kule. Nikapurje na mti wangu. Nikakanyaga kwa nguvu gari likiwa limesimama.

Ikavuja palepale.

Siku ya matanga ilibaki chini ya wiki mbili. Nikakaa kwenye kiti cha dereva nikajiona mjinga, mzee, na peke yangu. Wote walionijua kwa jina la utani walikuwa wamekufa au wako Kinshasa. Nikaamua kwenda kwa Mama Régine kumwambia akubali nafasi yake kwenye baleinière.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Amevaa nyeusi juu mpaka chini, amekonda. Hakuniuliza nilikuwa wapi miezi yote ile. Alisema tu, "Prof, kiti iko pale," na akaendelea kupepeta.

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikamweleza. Gari haliko tayari, breki zinavuja, siwezi kukuteremsha pontoni ya Lindi na breki zile, samahani, nimeshindwa.

Akauliza, "Inavuja wapi?"

"Kwa kole, mama."

"Ulitengeneza kole ngapi?"

"Mbili. Vile tonton alikuwa anasema."

Akaacha ungo. "Mbili ya namna gani?"

Nikamwonyesha na vidole, kama darasani. "Moya huku, moya kule."

Mama Régine akanitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuona mjane anacheka nini. Machozi yakamtoka, na katikati sikujua tena kama ni kicheko.

Akasema, "Prof, ile iko kole moya-moya. Kole mbili ni mudomo moya, unaukunja mara mbili. Miaka sita ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa namulika, sikuwa naangalia.

Akaingia ndani akarudi na sufuria yenye kifuniko. Ndani, imefungwa kwenye kitenge, mashine ya Tonton. Nikamuuliza ndugu waliiachaje.

"Niliwaambia iko ya kuvunja mbila." Mbila ni kokwa za mawese. "Na tena haikuwa ya marehemu. Ile mashine ni mimi nilinunua, na pesa ya samaki yangu, wakati yeye alikuwa bado anatengeneza baiskeli. Kabla ya wewe kuja kushika tochi, nani alikuwa anashika?"

Wakuu, mimi sikuwahi kujiuliza hilo swali. Mwanamke huyu alikuwa ananiletea chai na mikate Jumamosi zote, na mimi nilidhani hajui hata spana.

Tukaenda kwangu kwa mguu, yeye mbele na sufuria yake. Watu wakatusalimia njiani, akawaitikia wote.

Akaketi kwenye kigoda karibu na gari akaniamuru. Kata tuyo sawasawa, piga tupa, safisha ndani. Nati kwanza. Nikasema najua. Akasema, "Haya, unajua." Bana tuyo, iache itokeze kimo cha ukingo wa kifungo nitakachokupa. Halafu akatoa ndani ya sufuria kifungo cha chuma chenye kimsumari katikati.

"Hiki iko nini?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa na vitano kama hicho kwenye boksi langu.

"Ndiyo kole ya kwanza. Ingiza musumari ndani ya tuyo, kaza mpaka kifungo kilale. Mudomo utavimba. Toa kifungo. Sasa kaza na koni, mudomo utarudi ndani, utajikunja juu yake. Ndiyo kole ya pili."

Mdomo wa safu mbili, mnene, usiopasuka. Nimefundisha presha ya maji kwenye ubao kwa miaka ishirini na kitu, na sijawahi kufikiri ni nini hasa kinaizuia pale mwisho wa tuyo.

Nikaleta boksi langu la sokoni nikamwonyesha vifungo vyangu vitano. Hakucheka safari hii. Akachukua kimoja, akajaribu, kimsumari kikavunjika kwenye kukaza kwa kwanza. Akaonyesha pia meno ya ubao, laini, tuyo inateleza. Ya Tonton meno yake bado yanauma kidole baada ya miaka yote ile. Kwa hiyo tukatumia hiyo, siku mbili, tuyo zote.

Ikabaki kupurje.

Nilikwenda kuchukua mti wangu. Aliponiona nao akauliza ni wa nini. Nikamweleza. Akaukamata, akautupa kule kwenye kuni, akapandisha nguo yake nyeusi kidogo, akapanda kwenye kiti cha dereva.

Nikaingia chini ya gari.

Nikasema, "Pompa." Nikasikia pedali inapanda na kushuka.

Nikasema, "Shika."

Kutoka juu akajibu, "Nashika."

Sikufungua kile kiskurubu haraka. Nililala pale chini na mafuta yananidondokea shingoni, na yeye hakuniharakisha. Nadhani naye alikuwa hajalisema lile neno kwa muda mrefu. Mwisho akagonga sakafu na kisigino, akasema mguu wake si wa serikali, nifungue.

Tulikwenda. Kwenye mteremko wa Lindi nilikanyaga mapema, gari likasimama mbali na maji, watu wa pontoni wakaanza kupiga kelele tusogee. Mama Régine akasema, "Songea, iko inashika." Tukasogea taratibu mpaka kwenye mbao. Kijijini aliteremka mbele ya ukoo wote, akapitisha mkono kwenye mlango wa gari, akaenda kuvua nyeusi yake.

Alibaki huko. Binti yake yuko huko, wajukuu wako huko, nyumba ya Kabondo amepangisha. Mashine alinipa nirudi nayo, akasema haijawa yangu, ni ya kwake, siku akiitaka nimpelekee mwenyewe kwa mkono.

Nilirudi peke yangu, sufuria ikiwa kwenye kiti alichokalia.

Sasa somo, kama mnavyopenda. Ukinunua mashine ya kole, usitazame boksi. Tazama meno ya ubao na ujaribu kimsumari cha kifungo. Ya frigo usiiguse kwa breki. Na ukiwa na mtu anayerudia sentensi moja kila Jumamosi, weka makaratasi chini umuulize maana yake. Mimi niliuliza kwa mjane, na nilichelewa miezi yote ile nikimkwepa mtu ambaye alikuwa ananingoja.

Nawakaribisha. Semeni kwenu kole mbili mnaitaje, na nani aliwafundisha. Mlioniambia mashine yangu mbovu sina kinyongo, mimi ndiye niliwapotosha.

La mwisho. Silinda ya nyuma kushoto imeanza kutoa jasho, nitaibadilisha, halafu nitapurje tena. Kama humu kuna mwanachama yeyote yuko Kisangani, Jumamosi niko nyumbani. Chai ipo. Ufundi hauhitajiki, kazi yake ni kukaa kwenye kiti, kukanyaga, na kunijibu.